Sosi Nyeupe ya Bibi: Eshabwe, Chumvi ya Katwe na Parachichi la Bwera

Wengi wetu hudhani kwamba sosi nzito ya kumwagia kachumbari na mboga mbichi ni jambo la kigeni, lililotufikia ndani ya chupa za dukani. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba sivyo. Upande wetu wa Kasese kulikuwa na sosi nyeupe, nzito na laini kabla ya chupa yoyote kufika, na historia yake ni historia ya ng'ombe, chumvi, mipaka na reli. Hata hivyo, sikuanza kuitafuta historia hiyo maktabani. Nilianzia nyumbani Bwera, siku bibi yangu mzaa baba alipotoka kupimwa akaambiwa kwamba presha imepanda, na kwamba tangu siku hiyo apunguze chumvi na samli. Alikaa kimya njia nzima. Tulipofika uani akaniuliza, "Kwa hiyo, mjukuu wangu, eshabwe ndiyo imekwisha?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kwanza, eshabwe ni nini? Ni sosi ya wafugaji wa Ankole na jirani zao, wakiwemo Wasongora, ambao ndio jamaa wa bibi. Maziwa husukwasukwa ndani ya kibuyu kinachoitwa ekisaabo mpaka siagi ijitenge. Siagi hiyo huhifadhiwa mpaka igeuke samli yenye harufu yake. Siku ya kuandaa, samli huwekwa katika chombo cha udongo au cha mti, ikatiwa maji ya chumvi ya mawe, kisha mpishi hukoroga kwa nguvu huku akiongeza maji baridi kidogo kidogo. Samli ya manjano hugeuka nyeupe, ikaumuka na kuwa laini kama krimu. Huchujwa, halafu huliwa na kalo, ndizi au viazi. Haipikwi motoni.

Aliyesoma sayansi kidogo atauliza: mafuta na maji hushikamanaje? Jibu limo katika chumvi yenyewe. Chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe si chumvi tupu kama ile ya pakiti. Ndani yake mna magadi. Magadi yakikutana na mafuta hutengeneza sabuni kidogo sana, na hiyo ndiyo inayoyashika matone ya mafuta yasijitenge na maji. Katika mayonesi kazi hiyo hufanywa na kiini cha yai. Mama wa Kisongora na mpishi wa Kifaransa walikutana na tatizo moja, kila mmoja akalitatua kwa kitu alichokuwa nacho karibu.

Kitu kilichokuwa karibu na mama wa Kisongora kilikuwa Katwe. Ziwa hilo dogo la volkeno liko kusini mwa wilaya yetu, kando ya Ziwa Edward. Halina mto unaotoka, jua hulikausha, na chumvi hubaki. Mpaka leo wanaume huingia majini kupasua mabamba ya chumvi ya mawe chini ya ziwa, na familia humiliki vijishamba vya maji pembezoni, ambamo chumvi ya kupikia hukusanywa wakati wa kiangazi. Zamani chumvi hiyo ilisafiri vichwani mwa watu na kwa mitumbwi mpaka Ankole, Toro, Rwanda na nchi ambayo leo ni Kongo. Aliyeishika Katwe alishika hazina. Kwa sababu hiyo Kabalega wa Bunyoro aliitaka, na Toro nayo ikaitaka.

Hapa Kiswahili kinaingia katika hadithi. Mwaka 1889 Stanley alipita Katwe akitoka kumchukua Emin Pasha, na katika msafara wake walikuwamo watu wa Unguja. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika na wapagazi na askari wake, akajenga ngome hapo Katwe akaiita Fort George. Katika safari hiyohiyo alimweka Kasagama katika kiti cha Toro. Wanahistoria hueleza tukio hilo kama siasa za falme. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba ngome ilijengwa juu ya chumvi. Kitu ambacho bibi alikuwa akikikoroga katika bakuli lake kiliwahi kupiganiwa kwa bunduki.

Chumvi ilibaki Katwe, lakini samli ilianza kupungua. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufyeka mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakaenea kando ya maziwa Edward na George, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka maeneo yenye mbung'o. Watu walipoondoka, pori na wanyama wa mwitu vikachukua nafasi ya malisho. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya tambarare hizo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Miaka miwili baadaye, Malkia wa Uingereza alipozuru, ikapewa jina lake, ambalo linatumika mpaka leo. Wafugaji wengi wa Kisongora walijikuta nje ya ardhi ambayo babu zao walichungia. Wengine walivuka na ng'ombe wao mpaka Kongo, na mwaka 2006 wengi wakafukuzwa kutoka Hifadhi ya Virunga wakarudi Kasese wakitafuta pa kulisha. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba chakula cha asili "kimepotea kwa sababu vijana wanapenda vya kizungu," namwomba kwanza aniambie ng'ombe walikwenda wapi.

Wakati samli ikipungua, vitu vipya viliingia. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulileta wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini na sokoni. Duka likawa na mafuta ya kupikia ya kopo, majarini na chumvi ya pakiti. Kachumbari, ambayo jina lake lilitoka India, ikawa ya kwetu kiasi kwamba leo hakuna anayechoma nyama Kasese bila hiyo. Kwa upande mwingine, mpaka uliochorwa na Wazungu katika mkataba wa mwaka 1910 uliwagawa Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo, lakini haukuyagawa masufuria yao. Katika soko la Mpondwe, hatua chache kutoka Kasindi, utaona mawese na sombe vikija upande huu, na bidhaa za viwandani zikienda upande ule. Muuzaji wa Bwera akisema "ovakedo", mnunuzi wa Kongo hujibu "avoka", na sisi wa darasani tunasema "parachichi". Tunda ni lilelile, lenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na leo halihesabiwi ugeni katika miteremko ya Rwenzori.

Mgeni wa karibuni zaidi ni chupa ya mayonesi. Mjini Kasese utaikuta katika vibanda vya chipsi na katika sherehe za harusi, imemwagwa juu ya kabichi iliyokatwa nyembamba. Watu huiona kuwa dalili ya maendeleo. Lakini mayonesi ya kawaida ni mafuta kwa karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi, na ina chumvi juu yake. Tulipopoteza samli hatukupoteza mafuta. Tuliyabadilisha tu, tena tukaanza kuyala mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo naona kiini cha suala hili. Bibi alipohesabu pamoja nami, alikumbuka kwamba utotoni mwake eshabwe haikuwa chakula cha kila siku. Iliandaliwa kwa ajili ya mgeni, harusi au kuzaliwa kwa mtoto. Chumvi ilikuwa ya kununuliwa kwa taabu, na watu walitembea na ng'ombe kutwa. Leo pakiti ya chumvi ni rahisi, kiungo cha kutia ladha kina chumvi, mkate una chumvi, na juu ya hayo bado tunaongeza mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Pia chumvi ya Katwe haina madini joto isipowekewa, na watu wa milimani huhitaji madini hayo wasipate rovu. Basi si haki kuilaumu eshabwe kana kwamba ndiyo iliyoleta presha. Kilichobadilika ni kipimo na desturi iliyokuwa ikilinda kipimo hicho. Lakini presha haisikilizi historia. Bibi alihitaji kitu cha kula.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la parachichi. Nilichukua parachichi moja kubwa lililoiva, nikaliponda kwa uma mpaka likalainika, nikakamulia ndimu mara moja ili lisigeuke jeusi. Nikatia punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, majani ya dania yaliyokatwa, kisha nusu kikombe cha bongo, yaani maziwa ya mgando, kidogo kidogo huku nikikoroga. Chumvi niliweka ya kubana kwa vidole viwili tu, kwa sakafu nzima ya bakuli. Parachichi lina mafuta, lakini ni kama asilimia 15 tu ya uzito wake, na mengi ni ya aina ileile iliyomo katika mafuta ya zeituni. Sosi ilitoka laini, na wadogo zangu waliimaliza kwa kabichi na karoti. Bibi aliitazama akasema, "Hii ni rangi ya dawa ya kuogeshea ng'ombe." Hakuionja.

Nilikasirika kidogo, kisha nikaelewa. Sikuwa nimemjibu swali lake. Aliuliza kuhusu eshabwe, nami nilimletea kitu kingine na kumwambia kina faida. Ndivyo walivyofanya wote waliopita katika insha hii: walileta kitu kipya bila kuuliza cha zamani kilikuwa na kazi gani. Kwa bibi, eshabwe ni weupe, ni harufu ya samli, na ni mkono unaokoroga mgeni akiwa amekaa.

Jaribio la pili nilimwomba anielekeze yeye. Tulichemsha maziwa lita moja, tukayaacha yapoe, tukayagandisha kwa vijiko viwili vya mgando wa jana. Kesho yake tulimimina mgando katika kitambaa safi, tukakining'iniza juu ya sufuria usiku kucha. Maji yalichuruzika, ikabaki krimu nzito nyeupe. Bibi akaitia bakulini, akaongeza kijiko kidogo kimoja cha samli iliyoyeyushwa kwa ajili ya harufu, juisi ya nusu ndimu badala ya sehemu kubwa ya chumvi, na chumvi ya pakiti yenye madini joto, ya kubana kwa vidole. Akakoroga akiongeza maji ya baridi yaliyochemshwa, kwa mwendo uleule aliofundishwa na mama yake. Uchachu wa mgando na ndimu huudanganya ulimi, hata usiitafute chumvi sana. Kwa watu sita, kijiko kimoja cha samli kiligawanyika kikawa si kitu. Tulikula na nyanya, vitunguu, kabichi na viazi vitamu vilivyochemshwa.

Bibi alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Si eshabwe," akasema. Kisha akavuta bakuli karibu naye. "Lakini mgeni akija, naweza kumwekea bila aibu."

Najua kwamba bakuli moja halimalizi ugonjwa. Bibi bado anameza dawa zake kila siku na kwenda kupimwa. Lakini tumepata jambo ambalo karatasi ya ushauri haikuwa nalo: njia ya kupunguza bila kufuta. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, hasa ninyi mnaotoka huku magharibi, nawaomba mwandike majina na namna za vyakula vya nyumbani kwenu wakati wazee bado wapo. Tuna neno samli, tuna magadi, mgando na kibuyu, lugha haitupungukii. Atakayekuja kutengeneza sosi bora ya mboga Kasese asianze na chupa ya mayonesi akiipunguza mafuta. Aanze na swali la bibi, kisha amwachie bibi akoroge.