Gitaa Kavu Mpakani mwa Busia na Tororo

Mwaka 1902, Waingereza walipolitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, Wateso na Wasamia walijikuta wamegawanywa na mpaka unaopita Busia na Malaba, karibu na Tororo. Muziki wao wa nyuzi haukugawanyika. Wateso walikuwa na adeudeu, kinubi chenye shingo iliyopindwa mithili ya upinde, Wapadhola wa Tororo walipiga tongoli, na Wabukusu, majirani wa upande wa Kenya, walikuwa na litungu. Ala zote hizi huchezwa kwa kudonoa nyuzi, na mara nyingi mwimbaji hujipigia mwenyewe. Kwa hiyo gitaa lilipofika, likiletwa na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na wafanyakazi waliosafiri kwa reli, ambayo kupitia Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, lilikuta vidole vilivyokwisha kuzoea kazi hiyo.

Gitaa hilo, lisilotumia umeme, huitwa gitaa kavu. Mwanafunzi wa gitaa la Kihispania, lile ambalo Mhispania Andrés Segovia alilipandisha kwenye kumbi kubwa za Ulaya na Marekani, hufundishwa kutumia kidole gumba pamoja na vidole vitatu, ilhali mpigaji wa magharibi mwa Kenya alitumia gumba na cha shahada tu: gumba likishika besi, yaani sauti nzito, na cha shahada kikiupeleka wimbo juu yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Ili kupandisha sauti ya gitaa ilingane na koo lake, aliweza kulaza kipande cha penseli juu ya nyuzi na kukifunga kwa mpira nyuma ya shingo ya gitaa. Ufundi huu wastahili kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za tamasha, kwa kuwa unadai nidhamu ileile ya mtu mmoja kubeba muziki mzima mikononi mwake.

Mfano mkubwa ulitoka Katanga, nchini Kongo. Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952 akipiga «Masanga», alisikika kote Afrika Mashariki kwa sahani za santuri, kisha akaja mwenyewe Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye mtaalamu wa muziki David Rycroft aliyaandika mapigo yake kwa nota, heshima ambayo kwa kawaida ilitengewa watunzi wa Ulaya. Miongoni mwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliukuza mtindo wa omutibo, wenye besi inayorukaruka kinyume cha sauti ya mwimbaji, na alipofariki mwaka 1963 alikuwa amekwisha kuacha wafuasi wengi.

Ukumbi wa wapigaji hawa ulikuwa ua wa arusi, matanga na vilabu vya pombe, na lugha iliyowawezesha kueleweka na makabila mengi, pamoja na zile za nyumbani, ilikuwa Kiswahili. Riziki yao ilikuwa nyembamba. Tangu miaka ya 1960 bendi za magitaa ya umeme, zikiongozwa na mtindo wa benga wa Waluo, ziliwavuta wachezaji na wanunuzi wa santuri; upande wa Uganda, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliyafunga maduka mengi ya miji kama Tororo, na biashara ya mpakani ikageuka magendo.

Hata hivyo gitaa kavu halikufa. Kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore, magharibi mwa Kenya, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliendelea kulipiga, huku Okola akishika mapigo kwa chupa ya Fanta yenye mifereji, na mwishoni mwa miaka ya 1980 rekodi zao zilianza kutolewa Uingereza, ambako hadhira mpya ilikaa kimya kuwasikiliza kama inavyowasikiliza wapigaji wa ukumbini.