Msikiti Uliomtangulia Mwanzilishi

Mwaka 1986 Superman, shujaa wa katuni za Marekani aliyekuwa akisomwa tangu 1938, alinyang'anywa ujana wake. Hadithi zake za nyuma zilikuwa zimegongana mno, basi waandishi wakarudi mwanzo, wakaandika upya, na ushujaa wote aliokwisha kuufanya utotoni ukawa haujapata kutokea. Kilwa Kisiwani kazi ya namna hiyo ilitangulia kwa karne nne na ushei. Kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa kiliandikwa katika karne ya 16, baada ya Wareno kuupora mji mwaka 1505, na anayepanga nasaba ya masultani huku kiti chenyewe kinayumba haandiki kwa kujiliwaza tu, ingawa liwazo ndilo jina alilokipa kitabu chake. Anasimulia majahazi saba ya baba na wanawe sita kutoka Shiraz, na jinsi aliyeshukia Kilwa alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Mwenye kisiwa akapokea nguo, akavuka bara, moyoni akiwa na nia ya kurudi kuwaua wageni. Wageni wakachimba pale watu walipozoea kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Bahari ikajaa, isipwe tena. Mtawala akarudi, akayatazama maji, akakata tamaa. Lakini habari hiyohiyo inasema wageni waliposhuka walimkuta Mwislamu, Muriri wa Bari, na msikiti uitwao Kibala. Mwanzilishi amekuta msikiti umeshajengwa.

Mshono huo, naona, ndio shahidi wetu bora. Mwandishi alitaka mji uanze na Washirazi, ila yamkini wasomaji wake waliujua msikiti ule kwa jina, naye hakuweza kuufuta. Atakayesema kwamba basi tarihi yote ni ngano, ajibiwe na sarafu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali bin al-Hasan, ndiye sultani mwanzilishi wa kitabuni, karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 sarafu zaidi ya 2,000 zikaibuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, nyingine zikiwa na jina hilohilo, zimelala pamoja na dinari za Kifatimi, na sultani akasogezwa nyuma hadi karne ya 11. Jina, basi, si la kubuni.

Hoja nzito zaidi ni ya damu. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023 ulikuta kwenye makaburi ya pwani hii mababa wa asili ya Uajemi, waliochanganyika na wenyeji tangu karibu mwaka 1000. Je, kitabu hakijashinda? Kimeshinda nusu. Utafiti huohuo uliwakuta mama zao karibu wote ni Waafrika, na vigae vya Kilwa vinaonyesha watu wakiishi kisiwani kabla ya jahazi lolote la Shiraz. Nasaba ya kiume huanza pale baba anaposhuka chomboni. Waliokuwa wamesimama ufukweni haina pa kuwaweka. Hata Mreno João de Barros, aliyechapa toleo lake la habari hizi mwaka 1552, anamtaja mama: Ali alidharauliwa na nduguze kwa kuzaliwa na mtumwa wa Kihabeshi, ndiyo maana akahama. Kitabu cha Kiarabu hakina mama huyo. Kina Muriri, aliyewafasiria wageni maneno ya mwenye kisiwa siku ya kuuziana, na biashara ilipokwisha, mwandishi hamhitaji tena.