Milio ya Redio Iliyotulea Katika Pwani ya Ras Kamboni

Watu wazima wa Nigeria wakutanapo ugenini, hawakawii kukumbushana nyimbo zilizofungulia vipindi vya televisheni vya utoto wao. Jambo hili halishangazi, kwani kituo cha televisheni cha Ibadan kilianza kazi mwaka 1959, na mchezo wa The Village Headmaster ulikwisha kuonekana huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwetu sisi wa pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Unguja mwaka 1973, Mogadishu mwaka 1983, na Tanzania Bara mwaka 1994. Lakini picha hizo zilikuwa mbali sana na mvuvi wa Ras Kamboni. Kwa hiyo kumbukumbu zetu ni za sikio. Makala haya yanakusudia kueleza milio ya redio iliyofungulia vipindi ilivyotulea, na kwa nini yafaa walimu wa Kiswahili waishughulikie kabla haijapotea.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ras Kamboni, ambayo wenyeji huiita Kiamboni, ipo mpakani mwa Somalia na Kenya. Kutoka hapo kwenda kaskazini hadi Kismayu, mwendo wa kilomita zipatazo 180, vimejipanga visiwa vya Wabajuni, vikiwamo Chovai, Chula na Koyama. Mogadishu iko umbali wa kilomita 580 hivi, hali Mombasa haizidi sana 340. Tena mawimbi ya redio ya masafa ya kati husafiri vizuri zaidi juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu. Mpaka uliochorwa Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925 uliwagawa ndugu, lakini haukuweza kuyazuia mawimbi hayo.

Katika miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilikuwa ikitangaza kutoka Mombasa, na taarabu ilikuwa na nafasi yake humo. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na BBC ya London mwaka 1957. Redio ya Kenya ikaitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, na ile ya Dar es Salaam ikaitwa Radio Tanzania mwaka uliofuata. Radio Mogadishu nayo, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilikuwa na idhaa ya Kiswahili. Hivyo msikilizaji aliyeketi barazani pamoja na jirani zake alikuwa na sauti nyingi za kuchagua, madhali mawe ya redio yake hayajaisha nguvu. Na yakianza kuisha, yalianikwa juani yapate uhai wa siku mbili tatu.

Mlio wa kufungulia kipindi haukuwa pambo tu. Katika masafa mafupi kituo huja na kupotea, na vituo viwili huweza kugombania mahali pamoja. Kwa hiyo mitambo ilirudia mlio wake kabla ya matangazo, ili msikilizaji aizungushe redio polepole hadi aupate, ndipo atulie. Kazi yake ilikuwa ile ile ya mbiu ya mgambo, au ya siwa za Lamu na Pate zilizopigwa siku za shughuli kubwa: kuwaita watu na kuwaambia ni nani aitaye. Radio Tanzania iliitangulizia taarifa ya habari ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyezipiga ngoma nyingi peke yake. Zilipolia, watu wazima walinyamaza na watoto walikemewa. Sisi watoto tulizipiga upya kesho yake juu ya madebe, tukasoma na habari za kujitungia wenyewe.

Katika mchezo huo ndimo tulimojifunza lugha. Somalia ilipata maandishi rasmi ya Kisomali mwaka 1972, na Kisomali kikawa lugha ya shule. Hatua hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa Wasomali, lakini mtoto wa Kibajuni hakukuta Kiswahili darasani. Nyumbani alisema Kitikuu, ambamo sauti t ya wengine mara nyingi huwa ch, kama majina ya Tula na Tovai yanavyotamkwa Chula na Chovai. Kiswahili sanifu alikipata katika redio: katika “Mama na Mwana” na “Pwagu na Pwaguzi” vya Dar es Salaam, na katika “Je, Huu ni Ungwana?” cha Leonard Mambo Mbotela, kipindi kilichoanza Kenya mwaka 1966. Mtangazaji huyo alipofariki mwaka 2025, wengi walioomboleza hawakuwa wamemwona hata siku moja.

Hata hivyo haifai tamu ya utoto itufiche machungu. Redio hizo zilikuwa za serikali. Wakati wa vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, Nairobi na Mogadishu zilirushiana maneno hewani, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya silaha zao. Wakati huo huo Wabajuni wa bara ya Lamu walikuwa wakivihama vijiji vyao na mashamba yao. Yawezekana basi kwamba mlio uliomfurahisha mtoto ulimtia mzazi wake hofu. Anayekusanya kumbukumbu hizi hana budi kuwauliza wote wawili.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakaishi katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Leo wametawanyika hadi Ulaya. Wajukuu wao wengine hawakisemi Kitikuu, lakini babu akiiimba kwa mdomo ngoma ya taarifa ya habari, huacha shughuli zao wakasikiliza, kisha huuliza. Maswali hayo ndiyo mlango wa lugha.

Ndugu walimu, kanda za vituo huchakaa, na wazee nao hawadumu. Kila mmoja wetu aliye karibu na wazee wa pwani hii na awaombe waimbe milio waikumbukayo, waeleze walikuwa wapi waliposikiliza na pamoja na nani, kwa lahaja yao wenyewe bila kusahihishwa. Tuyanase maneno yao, tuyaandike, kisha tuyapeleke darasani. Tukichelewa, vitabu vitatueleza tarehe za kuanzishwa kwa vituo, lakini hakuna atakayetueleza jinsi baraza za Chula zilivyonyamaza ngoma zilipoanza kulia.