Pikapu ya Shamba Iliyogeuka Malkia: Historia Ndani ya Boksi la Plastiki

Leo tuachane kidogo na bumu, mitihani na foleni ya kantini. Nataka tupige stori ya historia, lakini si ile ya Mkutano wa Berlin tuliyoizoea. Ni historia ya kigari cha plastiki, kidogo cha kushika mkononi, kinachoitwa Ala Kart. Mwenzangu wa chumbani aliposikia mada akaniuliza, "Ticha, na midoli nayo ina historia?" Inayo tena kibao. Kaa mkao wa kula.

Twende taratibu. Mwishoni mwa 1927 kampuni ya Ford kule Marekani ilitoa Model A ili ichukue nafasi ya Model T. Mpaka uzalishaji unakwisha, mwanzoni mwa 1932, zilikuwa zimetoka karibu milioni 5. Injini ya silinda 4, nguvu za farasi 40, basi. Mojawapo ya aina zake ilikuwa pikapu: mbele nafasi ya watu wawili, nyuma sanduku la kubebea mzigo. Gari la kazi, la mtu wa shamba na fundi. Hakuna aliyelinunua ili apigwe picha.

Sasa hapo ndipo vijana walipoingia. Mwaka 1932 Ford huyohuyo akatoa injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Miaka ikapita, magari yakazeeka, bei ikashuka. Vijana wa California wakapiga hesabu rahisi: bodi ya Model A ni nyepesi, V8 ina nguvu, ukiziunganisha unapata kitu kinachokimbia. Wakang'oa madigadi, wakatoa kila kisichohitajika, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha kusimamia mashindano hayo, SCTA. Gari la namna hiyo ndilo lililokuja kuitwa hotirodi.

Ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Magari mengi ya zamani yalikusanywa kama chuma chakavu kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha, vijana walirudi nyumbani, wengine wakiwa na ufundi walioupata jeshini, wakavamia yale yaliyobaki. Januari 1948 likatoka jarida la Hot Rod, na kilichokuwa uhuni wa mitaani kikaanza kuonekana kama utamaduni.

Katika hali hiyo ndipo tunakutana na Richard Peters wa Fresno, California. Alikuwa na pikapu ya Ford Model A ya 1929, akaipeleka kwenye karakana ya George Barris, fundi maarufu wa Los Angeles. Ilipotoka huko, hata mama yake asingeitambua (kama magari yana mama). Injini ilikuwa V8 ya Dodge aina ya hemi, vyuma vya chini vilichovywa kromu vikang'aa, na rangi ilikuwa nyeupe ya lulu yenye michirizi. Ala Kart ikashinda taji la gari zuri kuliko yote ya wazi Marekani, kwenye maonyesho ya Oakland, mara mbili mfululizo, 1958 na 1959. Pikapu iliyozaliwa kubeba mizigo sasa haikubeba kitu zaidi ya macho ya watu.

Na plastiki je? Kampuni ya AMT ya Michigan ilikuwa inatengeneza vigari vidogo ambavyo wauzaji wa magari waliwaonyesha wateja. Mwaka 1958 ikaanza kuuza maboksi yenye vipande vya kuunga mwenyewe, na boksi moja lilikupa chaguo tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, lililorembwa, au la mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoa boksi la Ala Kart lenye vipande vya magari mawili, yaani Ala Kart yenyewe na Ford ya 1929. Mtoto wa miaka 12 ambaye asingeweza kununua hata tairi moja la gari la Peters akaweza kulijenga mezani kwao.

Hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu kuunga vipande ni jambo moja na kujenga modeli inayofanana na ukweli ni jambo jingine kabisa. Skeli ni 1:25. Model A halisi ina sentimita 263 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo modeli inapata kama sentimita 10.5. Mpaka hapo sawa. Lakini chukua bati la bodi lenye unene wa milimita 1. Kwa skeli hiyo linatakiwa liwe milimita 0.04! Plastiki ya milimita 1 ni sawa na gari lililojengwa kwa mbao za sentimita 2.5. Ndiyo maana mjenzi makini anakaa na msasa akipunguza kingo mpaka jicho lidanganyike. Waya wa plagi wa milimita 7 unakuwa milimita 0.28, na kwenye maboksi mengi ya zamani haumo kabisa, inabidi utafute uzi mwembamba wa shaba. Ukipaka rangi nzito, mistari ya milango inazama.

Halafu kuna uongo wa kiwandani. Modeli nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na tundu katikati ya injini ili ekseli ya chuma ya magurudumu ya mbele ipite humo, matairi yazunguke. Gari gani la kweli lina ekseli inayotoboa injini? Mjenzi anayetaka ukweli analiziba tundu, anatafuta picha za zamani, analinganisha, kisha anaamua. Wenzangu wa somo la historia, kazi hiyo sisi tunaiita kuhakiki chanzo. Boksi ni chanzo, lakini aliyelitengeneza alikuwa na haja zake.

Na lipo swali gumu zaidi: unajenga gari la mwaka gani? La 1929 lenye vumbi la shamba, au la 1958 lenye kromu? Ala Kart halisi yenyewe ilikarabatiwa katika miaka ya 2000 ili irudi kwenye sura ya miaka ya 1950, si kwenye sura ya kiwandani. Wapo wanaosema mafundi wa hotirodi waliharibu historia kwa kukatakata magari ambayo leo yangekaa makumbusho. Mimi sikubaliani nao. Pikapu iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani inatueleza habari za Henry Ford. Iliyokatwa inatueleza habari za vijana ambao hakuna aliyewaandikia kitabu wakati ule: walichokipata kwa bei ya chuma chakavu, walichokitamani, na walichojua kufanya kwa mikono. Zote mbili ni historia, ila ya pili ndiyo inayopotea upesi, maana wenyewe hawakuweka kumbukumbu rasmi.

Ndiyo maana hata kwa sisi tunaosomea ualimu, zana ya kufundishia si ramani na chati peke yake. Mpe mwanafunzi kitu akijenge kwa usahihi, na umwambie kila kipande akitolee ushahidi. Hatakariri tarehe, atazihitaji.

Haya, wenye maoni karibuni, hasa nyie mnaosema midoli ni ya watoto. Kesho kuna semina saa mbili asubuhi, ngoja nikalale. Alamsiki.