Homa ya njia ya msafara

Najua nimepotea, mitihani ilinibana kisawasawa. Jumamosi tulienda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Wenzangu wakapiga picha, mie nikawa nawaza homa.

Zamani hapa paliitwa Kazeh, njia panda ya misafara. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kupitia Karagwe mpaka Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani, wakarudi na nguo na shanga. Stanley alifika 1871, homa ikamlaza, akameza kwinini.

Baadaye ikaja klorokwini, bei chee. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vikaonekana Afrika Mashariki. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza 2001. Hapo katikati bibi yangu alimzika mwanawe. Anasema mjomba alimaliza dozi yote, akapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Watu wakasema karogwa. Akatajwa jirani, na bibi hakumsalimia tena mpaka yule mama alipofariki.

Siku hizi wataalamu hawasubiri makaburi. Wanachukua tone la damu kwenye karatasi, wanasoma jeni za kimelea. Alama ya usugu wa klorokwini iko kwenye jeni ya pfcrt. Kwa dawa ya mseto, ambayo nchi yetu iliichagua 2006, wanaangalia kelch13. Pia wanampima mgonjwa siku ya tatu: je, vimelea vimeisha?

Sampuli za 2021 kutoka mikoa 13 zilionyesha alama iitwayo 561H, ambayo Rwanda ilikuwa imeshairipoti. Ilijaa zaidi Karagwe, zaidi ya sampuli moja kati ya tano. Mseto bado unaponya, ila kule vimelea vinachelewa kuisha.

Karagwe wadau, kituo kilekile cha msafara! Mpagazi alitembea wiki kadhaa, leo abiria anapanda basi tu, na kimelea ndani ya damu yake.

Jana nilimpigia bibi nikamweleza yote. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mjomba wako hakurogwa?"

"Hakurogwa, bibi. Dawa ndiyo ilikuwa imechoka."

"Na yule mama nilimnunia bure."

Sikuwa na jibu. Haya, tuonane wiki ijayo.