Chanzo cha Pepo za Misimu: Namna Hoja Ilivyotiwa Nguvu

Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki walizijua pepo za misimu karne nyingi kabla ya chanzo chake kuelezwa kitaalamu. Kaskazi huvuma takriban toka Desemba hata Machi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili. Hata majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yametokana na majina ya pepo hizo. Ibn Majid, rubani wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika siku zifaazo kuondoka bandarini. Lakini kuijua siku ya upepo si kuijua sababu yake, na kwa kazi ya rubani siku ilitosha.

Mwaka 1686 Mwingereza Edmond Halley alichapisha ramani ya pepo za bahari za nchi za joto, na pamoja nayo hoja. Jua hupasha hewa moto. Hewa hiyo huwa nyepesi ikapanda, na hewa iliyo baridi zaidi huja kushika mahali pake. Jua likiwa upande wa kaskazini, nchi kavu za Asia hupata joto kuliko bahari, basi upepo huelekea huko. Likirudi kusini, mambo hugeuka. Sehemu kubwa ya hoja hii ingali imesimama. Ila ilikuwa na tundu. Ikiwa ni joto tu livutalo hewa, mbona upepo wa kusi, ukisha kuvuka ikweta, hupinda ukavuma kutoka kusini-magharibi? Halley alidhani kwamba hewa hulifuata jua katika safari yake ya kila siku kwenda magharibi. Jibu hilo, hata likikubaliwa, haliwezi kueleza upepo utokao magharibi.

George Hadley, mwanasheria wa London, hakubishana na joto. Kurundika ushahidi mwingine wa joto kusingalifaa kitu, maana si hapo hoja ilipokuwa dhaifu. Mwaka 1735 aliongeza jambo moja: dunia yenyewe huzunguka kuelekea mashariki. Mahali palipo kwenye ikweta huenda kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na palipo kwenye latitudo ya digrii 30 kiasi cha 1,450 tu. Hewa iendayo ikweta, basi, huachwa nyuma na ardhi, ikaonekana kuvuma kutoka mashariki; na ile iondokayo ikweta huitangulia ardhi, ikaonekana kutoka magharibi. Mwaka 1756 Immanuel Kant alitumia kanuni ya namna hiyo kueleza pepo za misimu. Hata hivyo maandishi ya Hadley yalisahauliwa, hata John Dalton akaifikia hoja ileile kwa akili yake mwenyewe, akaichapisha mwaka 1793, ndipo akagundua kwamba ametanguliwa.

Ajabu ni kwamba hoja iliyotiwa nguvu hivyo ilikuwa na kosa ndani yake. Hadley alichukulia kuwa hewa huhifadhi mwendo wake ileile njia nzima. Kwa kweli hewa ikikaribia mhimili wa dunia huongeza kasi, kama mtu azungukaye akikunja mikono, na kupinda kwake huwa maradufu ya alivyokisia. Tena hupinda hata upepo uendao mashariki au magharibi, jambo ambalo hoja yake haikulifikia kabisa. Mfaransa Coriolis alitoa hesabu hizo mwaka 1835 kwa ajili ya mashine. William Ferrel, mwalimu wa shule huko Marekani, ndiye aliyezifikisha kwenye pepo mwaka 1856.

Upande wa joto nao haukutulia. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba uwanda wa juu wa Tibet ndio jiko liivutalo mvua ya Bara Hindi. Mwaka 2010 William Boos na Zhiming Kuang waliuondoa uwanda huo katika hesabu za kompyuta, wakaiacha safu ya Himalaya peke yake. Mvua ikabaki karibu ileile. Kwa maoni yao milima hiyo ni ukuta uzuiao hewa baridi na kavu ya kaskazini. Mwaka 2012 wataalamu wengine walijibu kwamba joto la miteremko ya milima hiyo lina sehemu yake.