Wekundu Uliowashinda Wapiga Picha

Hermann Vogel, mkemia wa Berlin aliyebobea katika upigaji picha, alisimulia kisa cha mwanamke aliyepigwa picha akiwa hana doa hata moja usoni. Bamba la kioo liliposafishwa, uso ule ukatokea umejaa madoa. Ungedhani dawa imeharibika. Siku iliyofuata mwanamke akaugua, ndui ikamtoka.

Hapakuwa na uganga wowote. Mabamba ya kolodioni ya karne ya 19 yaliona vizuri mwanga wa buluu na zambarau, ila kwa wekundu na umanjano yalikuwa kama kipofu. Rangi hizo zilitoka kwenye picha kama giza. Doa la manjano lililofifia kiasi kwamba jicho halilioni, bamba lililiona jeusi. Kwa aliyepiga picha za majumba hilo halikuwa na uzito. Kwa daktari wa ngozi lilikuwa balaa, maana sehemu kubwa ya kazi yake inaanzia kwenye wekundu: umekolea au umefifia, ukibonyezwa unatoweka au unabaki. Kwenye picha ya wakati ule, kipele chekundu cha jana na kovu la kahawia la mwaka jana vilikuwa na weusi uleule.

Kabla ya kamera, kazi hiyo ilikuwa ya wachoraji. Robert Willan, daktari aliyetibu maskini katika zahanati moja ya London, alianza mwaka 1798 kuchapisha kitabu chake kwa mafungu, akiyapanga magonjwa ya ngozi kwa umbo la kile kinachoonekana: vipele, magamba, malengelenge, usaha, mabaka. Jean-Louis Alibert naye akatoa mabuku makubwa ya michoro katika hospitali ya Saint-Louis, Paris. Kisha kuanzia 1856 ikatoka Vienna atlasi ya Ferdinand Hebra, yenye michoro ya Anton Elfinger na Carl Heitzmann. Hadi leo ukiitazama unaweza kuhisi mwasho. Lakini mchoraji huchagua. Anaweza kukoleza hapa na kusahau pale ili mchoro ufanane na maelezo ya bwana mkubwa anayemlipa, na madaktari walilijua hilo.

Ndiyo maana kamera ilipokelewa kwa shangwe. Mwaka 1865 Balmanno Squire wa London alianza kutoa picha za magonjwa ya ngozi, na mkusanyo wake ndio huhesabiwa kuwa atlasi ya kwanza ya picha katika fani hiyo. Miaka mitatu baadaye Alfred Hardy na msaidizi wake A. de Montméja wakatoa yao pale Saint-Louis. New York ikafuata: George Henry Fox alichapisha mwishoni mwa miaka ya 1870 picha zilizopigwa na O. G. Mason, mpiga picha wa hospitali ya Bellevue.

Tatizo la wekundu lilimalizwaje? Halikumalizwa. Picha zote hizo zilipakwa rangi kwa mkono. Squire alitangaza kwenye jina la kitabu chenyewe kwamba rangi zimetoka kwa mgonjwa aliye hai. Fox alimpa kazi hiyo Joseph Gaertner, aliyekuwa daktari kabla ya kushika brashi. Kwa hiyo jambo ambalo daktari alilihitaji zaidi, yaani rangi, lilibaki kwenye mkono uleule wa binadamu ambao kamera ilikuja kuuondoa. Kilichokuwa kweli kwenye picha hizo ni umbo na mahali. Mengine ni imani.

Na kulikuwa na wagonjwa wenyewe. Hospitali hizo zilikuwa za maskini, na kwenye atlasi wanakutazama machoni, sura wazi, wengine nusu uchi. Desturi ya kufunika macho kwa mstari mweusi ilikuja baadaye, na sijui ilimficha nani: ndugu na jirani humtambua mtu hata kwa kidevu.

Kwa sababu ya rangi, kuna kitu kilichoishinda kamera kwa karibu nusu karne: nta. Jules Baretta alikuwa fundi wa Paris aliyetengeneza matunda bandia kwa karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa. Daktari wa Saint-Louis, Charles Lailler, aliona matunda yale na kumwita hospitalini. Kazi ya kwanza ya nta ya Baretta pale ni ya mwaka 1867. Alipaka plasta juu ya ngozi iliyougua, akaibandua ikishakauka, kisha akamimina humo nta iliyotiwa rangi, akiitazama ngozi ya mgonjwa aliyeketi mbele yake. Mwishoni alipachika nywele, akatengeneza malengelenge na magamba. Makumbusho ya hospitali hiyo yalifunguliwa mwaka 1889, madaktari wa ngozi wa dunia walipokutana Paris kwa kongamano lao la kwanza, na bado yapo, yakiwa na sanamu zaidi ya 4,800. Nyuso, viganja, ndimi na sehemu za siri zenye kaswende zimepangwa kabatini na kuzungushiwa vitambaa vyeupe kwenye kingo. Si mahali pa kwenda ukiwa umetoka kula.

Ubaya wa nta ni kwamba haisafiri. Eduard Jacobi wa Freiburg alilitatua hilo mwaka 1903 kwa namna inayochekesha: aliyapiga picha masanamu, akayachapa kwa rangi nne. Atlasi yake ikatafsiriwa na kuenea. Daktari aliyekuwa mbali na Ulaya akajifunza ngozi ya binadamu kutoka kwenye picha ya nta ya mgonjwa. Filamu ya Kodachrome, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1930, ndiyo iliyoleta slaidi za rangi ambazo daktari angeweza kuzipiga mwenyewe wodini. Tangu hapo kila mwalimu wa magonjwa ya ngozi akawa na makasha yake.

Picha ya ngozi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa kwenye kitabu. Ilikuwa kadi ya Shirika la Afya Duniani yenye picha ya mtoto mwenye ndui. Katika miaka ya 1970 wahudumu waliibeba nyumba kwa nyumba, sokoni na shuleni, wakiuliza: umemwona mtu mwenye hali hii? Mfugaji asiyejua kusoma aliweza kujibu. Picha ilionyesha kile ambacho maelezo marefu hayafikishi kwa haraka: vipele vya ndui hubanana usoni, mikononi na miguuni, vyote vikiwa na umri mmoja, ilhali tetekuwanga hujaa kiwiliwili, vingine vikianza na vingine vikikauka. Hata hivyo jicho la hospitali liliteleza. Oktoba 1977 huko Merca, Somalia, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin alipata homa, ikadhaniwa malaria. Vipele vilipotoka, ikasemwa tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona. Tarehe 26 Oktoba 1979, jijini Nairobi, Pembe ya Afrika ikatangazwa kuwa imeondokana nayo.

Mtoto wa kwenye kadi alipigwa picha kwa ajili ya kazi ya mtaani. Vitabu vya darasani vilikuwa na watu wengine. Kwa muda mrefu ngozi iliyojaa humo ilikuwa nyeupe, na hapo wekundu ukarudi kuwasumbua madaktari kwa sura nyingine. Kwenye ngozi nyeusi, uvimbe wenye joto mara nyingi hauonekani mwekundu. Huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, au hauna rangi yake kabisa, bali ngozi imetuna na kung'aa, na kidole ndicho kinachohisi joto. Ukurutu wa mtoto unaweza kuja kama vidoadoa vilivyozunguka mashina ya vinywelea. Upande mwingine, baka lililopauka la ukoma hujitokeza kwenye ngozi nyeusi kuliko kwenye nyeupe. Mwanafunzi aliyekariri atlasi ya Ulaya angefaulu mtihani, kisha ashangae kliniki.

Mji wa Moshi, Tanzania, ulilielewa jambo hilo mapema. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini humo, kilianza mwaka 1992 kuwafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, watu ambao wilayani kwao huenda ndio pekee wanaojua ngozi. Mwaka 2001 Colette van Hees na Ben Naafs walitoa kijitabu cha picha cha magonjwa ya kawaida ya ngozi barani Afrika. Ni kidogo, na wagonjwa waliomo wanafanana na wale walio kwenye benchi nje ya mlango.

Huko London ilibidi mwanafunzi aamke. Malone Mukwende, aliyekuwa akisomea udaktari Chuo Kikuu cha St George's, alichoka kuuliza walimu dalili za magonjwa zinaonekanaje kwenye ngozi nyeusi kama yake. Mwaka 2020, pamoja na walimu wake Margot Turner na Peter Tamony, akatoa mwongozo wa picha unaoziweka ngozi nyeusi na nyeupe kando kwa kando.

Sasa anayesoma atlasi ni kompyuta. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoifundisha akili mnemba kwa picha 129,450 za ngozi, nayo ikatambua saratani sawa na madaktari bingwa. Mwaka uliofuata Adewole Adamson na Avery Smith wakaonya katika jarida la JAMA Dermatology kwamba mashine iliyolelewa na picha za weupe itawakosea weusi. Ni kosa la yule mwanafunzi aliyekariri atlasi ya Ulaya, ila linakwenda haraka zaidi.

Kwa hiyo picha anazopiga tabibu wa wilayani kwa simu yake zina thamani, ikiwa atazipiga ipasavyo na mgonjwa ameridhia zitumike. Mgonjwa asogezwe dirishani, flashi ya simu izimwe, maana kwenye ngozi nyeusi flashi huacha mng'ao mweupe palepale penye ugonjwa. Picha ya kwanza ya mbali ionyeshe mahali, ya pili ya karibu ionyeshe umbo, na rula iwekwe kando. Kisha aandike kwa maneno kile ambacho kidole kimehisi, kwa sababu joto na ugumu wa ngozi kamera ya kawaida ya simu haivioni.